Mtu Wetu Yuko Hazina, Sisi Tunachangisha

Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya kamati katika mkutano wa mwaka wa kuchangia karo, Mombasa, Agosti 2025



Tumeombwa tena tuzungumze kwa Kiswahili, na tumekubali. Watoto wetu wengi wamezaliwa Chaani, Mikindani na Likoni. Ukiwasemesha kwa Kiluo wanaelewa, lakini jibu linarudi kwa Kiswahili. Olusuba ndiyo hata sisi wazazi wao tunaikumbuka kwa vipande, kwa salamu na majina ya samaki. Basi tuseme lugha ambayo kila aliyeketi hapa ataielewa, maana jambo la leo ni la pesa, na jambo la pesa likisikika nusu huleta ugomvi.

Tangu mwezi wa Juni swali katika kikundi chetu cha simu limekuwa moja. Limeulizwa kwa upole na limeulizwa kwa matusi. Mbona mgeni wa heshima si Waziri? Mzee mmoja ambaye tunamheshimu sana aliandika hivi: mtu wetu ndiye anayeshika funguo za Hazina, na nyinyi bado mnatuchangisha mia mia kama watu wasio na mwenyewe? Kamati ilikaa jioni mbili juu ya swali hilo. Tukaona haifai kulijibu kwa simu. Tulijibu hapa, mbele ya watu.

Jibu la kwanza ni fupi. Julai 2024, baada ya vijana kujaa barabarani nchi nzima, Rais alitangaza kwamba maafisa wa serikali na watumishi wa umma wasishiriki tena katika harambee. Sote tunajua wapo viongozi ambao wameendelea kufika kwenye michango na mabunda ya noti. Hilo ni lao. Sisi hatukuona heshima katika kumwandikia mtu wetu barua ya kumwomba apuuze agizo la serikali anayoitumikia, halafu tumpigie makofi kwa kulipuuza.

Jibu la pili ni refu, na linataka tuitazame safari ya huyu mtu tangu mwanzo. Wengi wetu tunaijua kwa vyeo. Tunaomba leo tuitazame kwa kazi.

John Mbadi ni mhasibu. Alisomea biashara katika Chuo Kikuu cha Nairobi na akafanya mitihani ya CPA mpaka akaimaliza. Wazazi ambao watoto wao wamewahi kujaribu mitihani ile wanajua tunasema nini: mtu anarudia karatasi moja mara tatu, huku wenzake wameshaoa. Alifanya kazi ya vitabu vya hesabu kabla ya watu wa Gwassi kumchagua mwaka 2007 kwa tikiti ya ODM. Mwaka 2013 akachaguliwa tena, na 2017 akachaguliwa mara ya tatu. Kuanzia hapo hadi 2022 alikuwa kiongozi wa wachache katika Bunge la Kitaifa. Mwaka 2022 aliutaka ugavana wa Homa Bay, kisha akajiondoa kumpisha Gladys Wanga, na chama kikamteua kuingia Bunge bila kura za jimbo. Wengine wetu tulinuna mwaka ule. Kuna watu humu ndani walikuwa wameshachapisha fulana.

Sasa sikilizeni, kwa sababu hapa ndipo wengi wetu tulidhani safari yake imeisha, na kwa maoni ya kamati hapa ndipo ilipofika mahali pake.

Bunge lilipoundwa upya 2022, alipewa uenyekiti wa Kamati ya Hesabu za Umma, ile inayoitwa PAC. Kwa desturi kiti hicho hukaliwa na mtu asiye wa upande wa serikali. Si kiti cha kelele. Hakuna jukwaa wala nyimbo, na hakuna anayeirusha kofia hewani. Kuna chumba, meza ndefu, na marundo ya karatasi.

Mambo huwa hivi. Mwaka wa fedha wa serikali unakwisha Juni 30. Katiba, kifungu cha 229, inampa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu miezi sita ya kukagua na kuandika ripoti, na inalipa Bunge miezi mitatu ya kuijadili na kuchukua hatua. Ripoti inakuja na hoja, moja baada ya nyingine. Hapa wizara ililipa pesa lakini hati ya malipo haionekani. Pale afisa alichukua masurufu ya safari na hakuyarejesha. Kwingine jengo limelipiwa, na ukienda kuliangalia unakuta msingi na nyasi. Katibu wa wizara anaitwa, anakaa upande wa pili wa meza, anaulizwa fungu kwa fungu. Na jibu analolipenda kila afisa wa Kenya hii ni moja: stakabadhi zipo, zitaletwa.

Mwanasiasa wa kawaida akisikia hivyo hupandisha sauti. Mhasibu huuliza: ziko wapi, zina tarehe gani, nani alizitia sahihi, na kwa nini mkaguzi alipokuja hamkumpa? Hayo ni maswali manne tu, na hayana siasa ndani yake. Lakini kifungu cha 226 kinasema afisa aliyeidhinisha matumizi ya pesa za umma kinyume cha sheria anawajibika kwa hasara hiyo, awe bado yuko ofisini au ameshaondoka. Kwa hiyo maswali yale manne yanaweza kumfuata mtu mpaka shambani kwake.

Mtasema, hayo yanatuhusu nini sisi wa Nyandiwa na Sindo? Yanatuhusu hivi. Katiba inasema kaunti zote kwa pamoja zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Asilimia 15 ya mapato yapi? Ya mwaka wa karibuni ambao hesabu zake zimekaguliwa na kupitishwa na Bunge la Kitaifa. Kamati ikilala, hesabu hazipitishwi, na kipimo kinabaki kile cha miaka ya nyuma wakati mapato yameshapanda. Ile kazi kavu ya karatasi, isiyoonyeshwa kwenye habari za saa moja, ndiyo inayoshika mizani. Kaunti ya Homa Bay inakula kutoka chungu hicho, pamoja na zahanati zake na barabara zake za ndani.

Kisha mambo yakageuka kwa wiki chache. Juni 25, 2024 vijana waliingia Bunge kwa hasira ya Mswada wa Fedha, na siku iliyofuata Rais akakataa kuutia sahihi. Roho za watu zilipotea, na wamo wazazi ambao hadi leo hawajapata jibu. Julai 11 Rais akavunja baraza la mawaziri. Agosti 8 John Mbadi akaapishwa kuwa Waziri wa Fedha, pamoja na wenzake kutoka ODM, mmoja wao Hassan Joho wa hapa hapa Mombasa. Usiku ule Chaani hatukulala. Majirani walidhani tuna harusi.

Katika furaha ile ni wachache waliogundua kwamba siku alipokuwa Waziri aliacha kuwa mbunge. Katiba yetu hairuhusu mtu kuwa vyote viwili. Iko katika kifungu cha 152. Mbunge anatafutia watu wake, na hakuna anayemlaumu kwa hilo, ndiyo kazi tuliyompigia kura. Waziri wa Fedha hana jimbo. Akianza kuwa nalo, basi yule aliyekalia kiti kabla yake alikuwa nalo pia, na atakayekuja baadaye atakuwa nalo. Sisi watu wa ziwani tumelalamika miaka mingapi kwamba barabara zetu zilinyimwa lami kwa sababu mwenye kalamu alikuwa na kwao? Hatuwezi leo kusema ule ulikuwa ubaya kwa sababu tu haukuwa wetu.

Tunajua neno hili ni chungu. Katika kamati yenyewe lilitugawa, na mjumbe mmoja alisema tunafanya uungwana wa kijinga, kwamba wengine wote wakishika nafasi wanakula na sisi tukishika tunasoma Katiba. Hatukumshinda kwa hoja jioni ile. Tulipiga kura.

Lakini angalieni yaliyompata mtu wetu mwenyewe mwaka huu. Yule aliyekuwa akiuliza sasa ndiye anayeulizwa. Katika kugawana pesa za mwaka huu wa fedha, 2025/2026, Seneti ilitaka kaunti zipewe shilingi bilioni 465. Hazina ikashikilia bilioni 405. Mtu aliyekuwa mwenyekiti wa kitaifa wa chama kinachoimba ugatuzi asubuhi na jioni, ndiye alikuwa na kibarua cha kusimama na kusema pesa hazipo. Mwisho wakakutana kwenye bilioni 415, karibu sana na pale aliposimama yeye kuliko waliposimama maseneta. Wengine wetu tulimwona msaliti. Tuulize tu kama wahasibu: bajeti inapita shilingi trilioni 4.2, deni la taifa limepita trilioni 11, ushuru mpya vijana wamekataa na walikuwa na haki kukataa. Bilioni 50 za ziada zingetoka wapi? Inawezekana zilikuwepo mahali, katika matumizi ya ovyo ambayo yeye mwenyewe alikuwa akiyafichua akiwa PAC. Hilo ndilo swali tungependa kumuuliza siku akipita Mombasa, na tutamuuliza.

Halafu likaja la mwezi uliopita, ambalo ndilo limetuleta hapa hasa.

Tangu 2018 serikali imesema itatoa shilingi 22,244 kila mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari. Walimu wakuu wetu huko nyumbani wamekuwa wakitueleza kwa miaka kwamba kinachofika ni pungufu, na kinachelewa. Wizara ilikuwa ikisema kinatosha. Julai mwaka huu Waziri wa Fedha aliketi mbele ya kamati ya elimu ya Bunge na kusema wazi kwamba kiasi hicho serikali haikimudu, kwamba kinachowezekana kwa pesa zilizopo ni shilingi 16,900.

Nchi ikawaka moto. Siku chache baadaye sauti nyingine za serikali zikajitokeza kusema elimu ya bure iko palepale. Katika kikundi chetu mtu akaandika: huyu ndiye mtoto wa nyumbani, amewakata watoto wa nyumbani.

Kamati inaliona jambo hili tofauti, na tunaomba mtuvumilie. Hakukata kitu kilichokuwa kinafika. Alisema hadharani kile ambacho mwalimu mkuu wa shule ya kutwa kule Gwassi amekuwa akitunong'oneza. Hatumsifu kwa upungufu. Upungufu ni upungufu, na serikali iliyoahidi 22,244 na ikatoa chini ya hapo ina deni la maelezo kwa kila mzazi. Tunachosema ni kwamba namba ya kweli, hata ikiwa mbaya, inaweza kupangiwa. Namba ya uongo haipangiki. Miaka saba tumekuwa tukichanga karo tukijiambia serikali imeshaweka fungu lake kamili, na tukishangaa kwa nini watoto bado wanarudishwa nyumbani kwa chakula cha mchana na pesa za mitihani ya majaribio.

Hebu tupige hesabu pamoja, polepole. Toa 16,900 kwenye 22,244. Inabaki 5,344. Chukua shule ya kutwa yenye wanafunzi 300, kama tulizo nazo. Mara 300, inafika shilingi 1,603,200 kwa mwaka. Hilo ndilo shimo la shule moja. Mwalimu mkuu hawezi kuliziba kwa maombi. Atafanya mojawapo ya mambo matatu: atakopa kwa muuza mahindi, atawaachisha kazi walimu walioajiriwa na bodi, au atawatuma watoto nyumbani. Sisi tunaowatumia wazazi wetu pesa kwa simu kila mwisho wa mwezi tunajua ni lipi hutangulia.

Kuna jingine. Basari za jimbo, ambazo zimewasomesha wengi, ziko mahakamani. Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba mfuko wa NG-CDF haupatani na Katiba na ukome Juni 30, 2026. Wabunge wanapigana kuuokoa, huenda wakafaulu. Lakini kamati ya karo haiwezi kupanga mwaka ujao kwa huenda. Ndiyo sababu lengo letu safari hii limepanda, na ndiyo sababu tumelielekeza kwa watoto wa shule za kutwa, ambao kila mtu anadhani wanasoma bure.

Sasa turudi kwa yule mzee wetu na swali lake, kwamba tunachangishana kama watu wasio na mwenyewe.

Mzee, wengi hapa wanakumbuka mwaka ambao chama hiki nusura kife. Hatutataja jina, na mhusika ameshatangulia mbele ya haki. Hesabu zote za chama zilikuwa katika daftari moja la shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Daftari likapotea. Wengine walisema limelowa kwenye feri, wengine wakasema mengine. Shilingi 38,400 hazikuwa na risiti. Haikuwa pesa ya kununua ng'ombe hata wawili, lakini watu wa Gwassi Kusini waliacha kusemezana na watu wa Kaksingri kwa mwaka na zaidi, na watoto wanne waliokuwa wamepangiwa karo walikaa nyumbani muhula mzima. Si kwamba yule bwana alikuwa mwizi. Mpaka leo hatujui, na hilo ndilo lililotuumiza zaidi: kwamba hatukuwa na njia ya kujua. Hatukuweza kumtia hatiani, wala hatukuweza kumsafisha. Alikufa na lile neno juu yake.

Baada ya pale ndipo tulipoweka sahihi tatu benki, kitabu cha risiti chenye nambari, na wakaguzi wawili wasiokuwa wanakamati, mmoja lazima awe mwanamke. Kila mwezi daftari linalinganishwa na taarifa ya benki, na tofauti ikiwa hata shilingi mia tunaitafuta. Mwaka jana tuliitafuta mia moja na hamsini kwa siku nne. Mweka hazina wetu alitaka kuitoa mfukoni mwake ili tulale. Tulimkatalia. Ilikuwa ada ya benki.

Kwa hiyo Waziri, kama mtu wa Suba Kusini, tunamtakia heri na tunamwombea, maana kiti kile kina miiba. Alichopata kule alikipata kwa kujua kusoma kitabu cha hesabu na kuuliza risiti iko wapi. Sisi hatumwombi pesa za Hazina. Tunawaomba nyinyi, kila mmoja kwa uwezo wake: kijana wa bandarini, mama anayeuza omena Kongowea, fundi, mwalimu, na nyinyi majirani.

Utaratibu wa jioni ni huu. Vitabu vya mwaka mzima viko mezani pale mlangoni, pamoja na taarifa za benki na majina ya shule tulizolipa, kila moja na risiti ya shule yenyewe. Majina ya watoto tumeyafunika kwa karatasi, heshima yao tuilinde. Wakaguzi wetu wawili wameketi hapo, waulizeni lolote, hata kama linaonekana dogo. Kuna hoja moja hawajaridhika nayo, ya nauli ya kupeleka vitabu Magunga mwezi wa Februari, ambayo risiti yake ya basi imefutika wino. Wameiandika kwenye ripoti, ukurasa wa pili, na kamati imekubali ibaki imeandikwa hivyo mpaka kampuni ya basi itupe nakala.

Ahadi zitasomwa kuanzia meza za nyuma kuja mbele, ili wazee wa mbele wasitutishe na viwango vyao. Anayetoa taslimu asiondoke bila risiti. Anayetuma kwa simu aonyeshe ujumbe kwa mweka hazina kabla ya kufuta. Chakula kitaletwa baada ya meza ya tano. Samaki wametoka Nyandiwa jana usiku kwa basi, na vocha ya barafu iko mezani pamoja na vitabu.